Mama Yolande na Meno ya Kaseti

Kila alipomaliza kurekodi kaseti, Mama Yolande Kasika aliitoa kwenye mashine, akaigeuza mgongo juu, na kwa ncha ya kisu cha kumenyea viazi akavunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo pembeni. Sisi wa Butembo tuliviita meno ya kaseti. Kaseti ikiwa na meno, mashine inakubali kurekodi juu yake; yakishavunjwa, kitufe chekundu hakishuki tena. Vijino alivitia katika kopo la maziwa ya unga. Mteja mmoja alimcheka, akamwambia kwamba kipande cha karatasi ya gundi kinatosha kuziba mwanya ule, na wimbo ukafutwa vilevile.

"Najua," alimjibu kwa Kiswahili chetu cha Kongo, chenye Kifaransa ndani, ambamo mais ni lakini. "Mais mutu mwenye kupenda kufuta, lazima akate karatasi kwanza. Wakati iko anakata, atafikiri kidogo."

Hakuacha desturi hiyo hata kaseti zilipokwisha mjini. Vijana walipoanza kujaza nyimbo katika kadi za simu, yeye alitafuta zile kadi kubwa zenye kiswichi ubavuni, akakisukuma kwa ukucha wa kidole gumba hadi kwenye alama ya kufuli, ndipo akampa mwenyewe kadi yake.

Alizaliwa Alimbongo, kwa wakulima wa viazi, akaolewa Butembo na fundi wa redio. Mwaka 1994 fundi akafariki, akamwachia mashine mbili za kurekodi, jenereta ndogo, na etajere, yaani rafu, iliyojaa kaseti. Ndugu za mume walidhani atauza vyote na kurudi kwao. Yeye aliuliza tu mafuta ya jenereta yananunuliwa wapi.

Wenzake wa kazi ile walirekodi kwa mwendo wa mbio, kaseti ya saa nzima ikaisha kwa nusu saa. Mama Yolande alirekodi kwa mwendo wa kawaida, akaketi na kaseti kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, huku akimenya viazi vyake. Kwa hiyo foleni yake ilikuwa ndefu na mapato yake mafupi. Lakini kwa kukaa hivyo miaka na miaka, alizijua sauti za waimbaji wetu jinsi mama anavyojua kikohozi cha kila mtoto wake.

Nilianza kumfahamu vizuri mwaka 2000, na nilianza kwa kumkosea.

Wakati huo mji ulikuwa chini ya watu wenye bunduki, ambao tuliwaita tu mouvement. Komanda wao mmoja, askari wake walikuwa wamechoma nyumba za watu kwenye njia ya Kamango. Tuliwaona waliochomewa wakiingia Butembo na magodoro kichwani. Wiki chache baadaye redio ikaanza kupiga wimbo wa kumsifu komanda yule. Ulikuwa wimbo mtamu, na utamu wake ndio uliotuumiza. Mtangazaji alisema wimbo huo ulipigwa kwenye sherehe mjini Beni, na mwimbaji ni "Kakule na gitaa yake." Hakusema zaidi.

Sisi vijana tulikuwa na kamati. Rais wake alikuwa Ézéchias, karani katika duka la vitambaa, mtu hodari na mwenye hasira ya haki. Mimi nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nasomea ualimu, na kwa sababu ya mwandiko wangu nilifanywa katibu. Tukaamua mji umsusie mwimbaji yule: kaseti zake zisiuzwe, asiitwe kwenye ndoa, asipige gitaa kanisani. Niliandika tangazo kwa mkono mara kumi na moja, nasi tukalibandika sehemu kumi na moja. Niliandika: Kakule wa gitaa.

Kwetu Wanande majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, na Kakule ni mtoto wa kiume wa nne. Kila nyumba yenye watoto wengi ina Kakule wake. Kuandika Kakule peke yake mjini Butembo ni sawa na kuandika "mtu mmoja." Nilijua hilo tangu utoto. Lakini katika mtaa wetu palikuwa na Kakule mmoja aliyejulikana kwa gitaa, Kakule Malachie, mpigaji wa harusi na wa kwaya ya parokia, na hakuna katika kamati aliyefikiria mwingine.

Tulikwenda kwa Mama Yolande na karatasi ya tano.

"Mama, tumekuja kuondoa kaseti za Malachie," Ézéchias alisema mlangoni.

"Salamu kwanza. Ao kamati ilisusia na salamu?"

Nilicheka, Ézéchias hakucheka. Mama Yolande alifuta mikono, akasoma tangazo taratibu.

"Nani aliandika?"

"Miye, mama."

"Iko maandiko muzuri kabisa. Mais iko na kosa. Haiko Malachie mwenye kuimba ile wimbo."

"Redio ilisema Kakule," Ézéchias alisema.

"Niko na ba Kakule bane, moja, mbili, tatu, nne, hapa kwa etajere! Huyu wa redio anakamataka pumzi katikati ya neno. Malachie anangojaka neno iishe."

"Basi njo nani, ni nani?"

"Haiko Malachie."

"Mama, nauliza: njo nani?"

"Na miye najibu: haiko Malachie."

Ézéchias alinigeukia. "Umesikia? Mama anakula kwa kaseti za Malachie, donc njo sababu anamulinda."

"Ile wimbo siuzi," alisema Mama Yolande, bila kupandisha sauti. "Hata moja. Hapo tuko pamoja, mwana wangu. Mais miye nasusia ile nilisikia. Weye unasusia ile uliambiwa."

Hakuziondoa kaseti za Malachie. Siku iliyofuata mmoja wetu alichora msalaba wa makaa, alama ya kususiwa, kwenye mlango wa duka lake, na foleni yake ndefu ikaisha.

Wiki hiyohiyo alifika dukani kwake Ilunga, karani wa ofisi ya mouvement. Alikuwa mtu wa Kasai, mpole, aliyetumwa mbali na kwao. Mama Yolande mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye, akiigiza sauti ya karani yule mpaka nikacheka.

"Mama, wakubwa wanahitaji kopi arobaini za ile wimbo. Kwa fête, karamu yabo."

"Papa Ilunga, miye nasikilizaka kila kaseti mupaka mwisho, njo kazi yangu. Ile wimbo siwezi kuisikiliza mupaka mwisho. Nifanye je?"

"Mama, unataka niende kusema hivyo kwa wakubwa?"

"Sema hivyo hivyo. Usiongeze chumvi."

Ilunga alishika kichwa, akaenda. Kesho yake askari wawili walikuja, wakabeba moja ya zile mashine mbili. Watu wa mtaa waliona mashine ikipakiwa garini, na jioni ile ikasemekana Mama Yolande ameiuza kwa mouvement. Nilisikia uvumi huo mezani kwetu, na sikuupinga.

Malachie naye alikuwa amepoteza harusi zote za msimu ule. Kwaya ilimwambia apumzike. Usiku watu waliitupia nyumba yake mawe. Watoto walimwimbia wimbo wa komanda nyuma yake njiani, na yeye alikuwa ameacha kugeuka. Alikuwa amekwisha kusema mara nyingi kwamba si yeye, na kila aliposema, watu waliona ni jambo ambalo mkosaji yeyote angesema. Mwishowe alikuja kwa Mama Yolande na gitaa lake limefungwa katika blanketi.

"Nunua, mama."

"Miye sipigi."

"Utauzia mwingine. Naenda Kamango kwa baba mukwe, nitalima. Na mama wa batoto anakuja."

"Kamango? Kwa ile njia?"

"Kule hakuna mutu anasoma karatasi ya kamati."

Mama Yolande alilitundika gitaa kwenye msumari ukutani. "Sinunui. Italala hapa. Unipatie mupaka siku ya Mungu, Jumapili hii, kiisha uende popote."

Asubuhi iliyofuata Mama Yolande alipanda juu ya lori la chumvi lililokuwa likienda Beni, na kinasa sauti kidogo ndani ya kikapu, chini ya mboga. Vizuizi vya barabarani vilikuwa vingi, na kila kimoja kilikuwa na askari wenye njaa na maswali. Alijibu maswali yote kwa ukweli: anakwenda kumwona kijana ambaye yeye alimrekodia kaseti yake ya kwanza. Kijana huyo alikuwa Kakule Jéthro, mzaliwa wa Butembo, aliyehamia Beni miaka miwili kabla. Mama Yolande alimtambua siku ya kwanza kabisa redio ilipopiga wimbo ule. Hakutaka kulitaja jina lake mbele yetu kabla ya kumwuliza mwenyewe.

Jumapili baada ya misa alituita katika ukumbi wa parokia. Tulikuwa kama thelathini. Malachie alikaa nyuma, karibu na mlango, mkewe kando yake. Mama Yolande aliweka mashine iliyobaki mezani, akaiunganisha na betri ya gari.

"Sitaki muniamini," alisema. "Musikilize pumzi tu."

Alipiga wimbo mmoja wa zamani wa Malachie. Kisha akapiga ule wa redio, kipande kifupi. Kisha tena Malachie. Mara ya tatu hata mimi nisiye na sikio la muziki nilisikia: mmoja alikata neno ili avute hewa, mwingine alingoja. Watu walianza kuangaliana. Hakuna aliyegeuka kumtazama Malachie, kwa aibu.

Ndipo akatia kaseti ya tatu.

"Miye Kakule Jéthro," sauti ilisema, "mwana wa Mama Kahongya mwenye kuuzisha mashu kwa soko ya Butembo. Ile wimbo niliimba miye, hapana Malachie. Batu bane balikuja kwa nyumba, banasema utaimba. Niliogopa. Tena baliniletea amplifier. Sijue nini ilitangulia, woga ao amplifier. Mama Yolande ameniuliza mara tatu, na hata sasa sijue. Njo ile."

Ningependa kusema tulimhurumia. Wengine walimhurumia, wengine walicheka kwa ajili ya amplifier. Ézéchias alipiga meza.

"Sawa! Katibu, andika: Kakule Jéthro."

"Na mashu?" Mama Yolande aliuliza, maana kwetu kabichi ndiyo mashu.

"Mashu gani tena?"

"Ya mama yake. Ukiandika Jéthro leo, kesho mashu ya Mama Kahongya itaoza kwa soko. Naye hajaimba hata alleluia."

"Mama, tuheshimiane. Banabeba bunduki, siye tuko na kususia tu. Ukiing'oa meno, tutabaki na nini?"

"Sing'oi meno. Nasema iume penye inapashwa kuuma. Ile wimbo iko na jina. Andika jina ya wimbo. Isiuzwe, isipigwe kwa ndoa, mwenye kuipiga tumuache peke yake. Hata mwaka kumi. Mais Jéthro akiimba ingine, nitasikiliza ile ingine."

Mwanamke mmoja alisimama. Alikuwa mmoja wa waliokuja na magodoro. "Mama," alisema, "nyumba yangu ilichomwa na bale batu. Weye unasema nisikilize ile ingine?"

Mama Yolande alizunguka meza, akasimama karibu naye.

"Hapana," alisema. "Weye usisikilize. Hata siku moja. Usimwite kwa ndoa ya batoto yako, na mutu asikuulize sababu. Ile iko haki yako. Mais karatasi iko ya mji muzima, na batu bengi hapa hawajachomewa hata kuku."

Mwanamke akaketi. Sijui kama aliridhika. Nimemfikiria mara nyingi kuliko ninavyomfikiria Ézéchias.

Kamati ilikubali: wimbo, si mtu. Ézéchias akaanza kunisomea maneno ya tangazo jipya. "Kamati ya vijana inapenda kufafanua kwamba..."

"Hapana," Mama Yolande alisema.

"Nini tena, mama?"

"Kufafanua ni nini? Mulifafanua wakati balikuwa banatupa mawe kwa nyumba yake? Andika: tulikosa."

"Mama, kamati ikisema ilikosa, kesho nani atatusikiliza? Tukitangaza ville morte, maduka yote yafungwe, batasema wale ni wale wa Malachie."

Nadhani hapo Ézéchias hakuwa na nia mbaya. Aliogopa kweli. Nguvu yetu yote ilikuwa kuaminiwa, na sisi vijana tulidhani kuaminiwa ni kutokosea. Mama Yolande alinigeukia mimi.

"Kalamu iko kwa mukono ya nani?"

Niliandika: Tulikosa. Haikuwa Malachie. Chini yake niliandika jina la wimbo uliosusiwa na mji, na sikuandika jina la mtu yeyote. Ézéchias alisoma, akakunja uso, akatia saini. Lazima niseme hilo kwa haki yake. Siku hiyo niliandika mara kumi na moja tena, na Mama Yolande alitembea nami hadi sehemu zote kumi na moja, akinishikia gundi, ili tangazo jipya likae juu kabisa ya lile la zamani, pembe kwa pembe.

Kabla hatujatoka ukumbini, Ézéchias alimwomba kaseti ya Jéthro. "Tutaiweka kama ushahidi, mama. Vunja meno, isifutwe."

Mama Yolande aliiingiza ndani ya kitenge chake. "Malachie," aliita, "kuja kwa duka ukamate gitaa yako. Inaniziba ukuta."

Malachie alikuja mbele. Mkewe ndiye aliyesema "wasingya," asante ya kwetu. Hawakwenda Kamango. Harusi zilimrudia moja moja, ingawa si zote. Kwaya ilikuwa imekwisha kumpata mpigaji mwingine, na hakuna aliyetaka kumwondoa. Malachie alikaa na waumini, akaimba kutoka benchi. Mama Kahongya aliendelea kuuza mashu yake, na sidhani aliwahi kujua ilibaki kidogo yaoze.

Mashine iliyochukuliwa haikurudishwa. Msalaba wa makaa mlangoni niliufuta mimi, kwa maji ya moto na sabuni, na Mama Yolande alikuja na kiti akaketi kunitazama.

"Sugua pale juu," alisema. "Pale mulichora kwa nguvu."

Miaka mitatu baadaye Jéthro alifika Butembo, akaingia dukani kununua nyuzi za gitaa. Nilikuwa pale. Watu wawili waliokuwa ndani walitoka. Mama Yolande alimpa nyuzi, wakazungumza juu ya mvua na bei ya viazi, akaondoka. Sikuona kama anajuta. Sikuona kama hajuti.

Wimbo wa komanda ulikufa. Hakuna aliyeuuza, hakuna aliyeupiga, na leo ukiwauliza wanafunzi wangu, hawaujui. Ningependa kujua ni mambo mangapi katika vita vile tuliweza kuyaua bila kumuua mtu.

Mama Yolande aliugua miaka mingi baadaye, moyo na miguu. Nilikwenda kumwona nyumbani kwake, mchana, nikiwa na kadi iliyojaa nyimbo za zamani alizoziomba. Alisukuma kiswichi kwa ukucha, akaiweka kando ya mto. Nilimwuliza swali nililokuwa nalo tangu ule ukumbi: kama Jéthro angekataa kusema, je, yeye Mama angemtaja ili Malachie aokoke? Alisema hajui, na kwamba ndiyo sababu alipanda lori. Kisha akanionyesha kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, akaniambia nilishushe.

Chini ya vijino vyote palikuwa na kaseti moja. Juu yake, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wake: Jéthro, Beni. Niliigeuza mgongo juu. Ilikuwa nzima.

Alifariki siku nne baada ya hapo, nami sikuwahi kurudi. Siku ile nilikuwa nimesimama tayari kwenda, kaseti mkononi, aliponivuta mkono.

"Hii sikuvunja meno," alisema. "Umurudishie. Siku atapata ingine ya kuweka juu, aweke."